Viatu Ndani ya Unga

Viatu vile vya binti yangu, baba yake alivinunua soko la Kilombero pale Arusha, kwenye rundo la mitumba lililomwagwa juu ya turubai. Vilikuwa vya ngozi ya kahawia, vya kufunga kamba, vimelika kidogo kisigino cha kushoto. Ilikuwa miaka ile mitumba ilipoanza kujaa mjini, ukamkuta mtoto wa mtaani kwetu Sekei amevaa koti la mtoto wa Ulaya, na sisi tuliozoea foleni ya sabuni tukawa tunashangaa vitu vyote hivi vilikuwa wapi siku zote. Baba yake alikuwa amepunguzwa kiwandani. Kazi aliyoipata baadaye ilikuwa ya ulinzi, kwenye ofisi ya kampuni ya watalii, moja ya zile zilizokuwa zinafunguliwa kila mwezi.

Mwenye kampuni hiyo alikuwa na mtoto shule moja na wetu. Ndiye aliyejitolea lori na mahema ya zamani ili darasa la sita waende hifadhini likizo ya mwezi wa sita, wakalale siku tatu chini ya Mlima Meru, upande wa Momela. Mwalimu akatangaza kwamba anatafuta wazazi wawili wa kwenda kupika. Mimi nilikuwa nauza uji na chapati karibu na lango la shule, kwa hiyo nilisikia mapema. Nilijitokeza kabla hajamwambia mtu mwingine.

Watu walisema nimejitolea. Sikujitolea. Nilikwenda ili niwe namwona mwanangu kwa macho.

Inabidi nieleze. Tulizaa wawili, wote wasichana. Wa kwanza nilimruhusu aende kijijini kwetu Akheri kwa bibi yake, likizo kama hiyohiyo ya mwezi wa sita, akiwa na miaka saba. Nilimpandisha gari mwenyewe akiwa mzima, anakula mkate. Siku ya tano nililetewa habari, na nilipofika nilimkuta amefunikwa blanketi la babu yake. Homa ya usiku mmoja, matope hayajakauka, gari halipiti. Hakukuwa na mtu wa kulaumiwa, basi sikumlaumu mtu, nikanyamaza. Mdogo wake alikuwa bado ananyonya. Alikua bila kumjua, na nyumbani hatukumtaja tena. Hatukukubaliana hivyo, baba yake alinyamaza kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza kwa ajili yake, miaka ikapita.

Mdogo hakulala mahali popote bila mimi. Akheri alikwenda na mimi na kurudi na mimi.

Tulifika kambini mchana, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya miti. Mahali penyewe ni uwanja wa nyasi fupi, mafiga matatu ya mawe, bomba moja la maji, choo cha shimo, na msitu. Kule chini kulikuwa na mbuga wazi yenye nyati wengi, weusi, wametulia kama ng'ombe wa mtu. Watoto walionyeshana kwa vidole. Mimi niliwahesabu, nikaacha nilipofika arobaini.

Askari wa hifadhi, mtu mrefu mwenye bunduki ya zamani, aliwakusanya watoto akawapa masharti. Wasivuke kamba. Wasiende chooni peke yao. Chakula kisikae hemani.

"Na viatu viingie ndani," akasema. "Fisi wa hapa wanapenda ngozi. Juzi mtalii mmoja amerudi Arusha na soksi."

Watoto walicheka, wakaitikia ndiyo. Lakini ilipofika wakati wa kulala wote walivua viatu mlangoni pa hema, wakavipanga vizuri, jozi kwa jozi, kama mlangoni kwa bibi. Walikuwa na matope, na hakuna mtoto aliyelelewa kwetu anayeingia na matope mahali pa kulala. Mwalimu naye alivua vyake. Mimi pia.

Mzazi mwenzangu wa jikoni alikuwa mama mmoja wa Kichaga mwenye duka Kijenge. Mwanawe wa kiume alikuwa darasa moja na binti yangu. Alikuwa na mdomo, lakini kazi alikuwa anafanya. Aliniita Mama wa Sekei, mimi nikamwita Mama wa Dukani.

"Huo mlima wenu," aliniambia tukimenya ndizi, "umewahi kuupanda?"

"Sisi tunaukalia. Hatuupandi."

"Maskini. Umekaa mgongoni mwa mnyama na hujui kichwa chake."

"Na wewe wa kwenu mrefu zaidi. Umeupanda?"

"Mimi? Nimesahau nini kule juu?"

Tulicheka. Kisha akasema watoto kesho wanapelekwa kwenye maporomoko ya maji, halafu kwenye mtini mkubwa wenye tundu ambalo gari linapita, halafu juu zaidi mpaka panapoonekana shimo la mlima kama hakuna ukungu. Wataondoka saa moja, watarudi saa nane. Alisema kama anavyosema mtu habari ya kawaida. Mimi nilikuwa na kisu mkononi nikakiweka chini.

Nilikuwa nimejiambia kwamba watatembea palepale karibu na kambi. Hakuna aliyenidanganya. Sikuwa nimeuliza, kwa sababu sikutaka kujibiwa.

Alfajiri saa kumi na moja niliamka kuwasha moto wa uji. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita inayoingia kwenye meno. Nilipita mbele ya hema la wasichana na kurunzi, nikaviona viatu vimepangwa, vyote vipo, fisi hakuja. Vya kwangu, nikimaanisha vya binti yangu, vilikuwa vya tatu kutoka mwisho. Nilisimama. Naweza kusema sikujua ninachofanya lakini nitakuwa nadanganya. Nilijua. Niliviokota, nikavifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikafungua gunia la sembe, nikachimba kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, nikavizika. Nikasawazisha unga juu. Kisha nikawasha moto.

Kulipokucha kelele zilianza. Binti yangu alitoka hemani na soksi, anatafuta huku na huku, wenzake wanamsaidia. Askari alikuja akatazama chini, akatikisa kichwa.

"Si nilisema?"

"Fisi kachagua vya mtumba tu," akasema mtoto mmoja. "Anajua bei."

Wengine wakacheka. Binti yangu hakucheka wala hakulia. Nilimwendea nikamwambia, "Basi, mama. Utabaki na mimi hapa. Tutapika wote." Sauti yangu ilikuwa nzuri kabisa. Hiyo ndiyo inayonisumbua nikikumbuka, jinsi sauti ilivyokuwa nzuri.

Alinitazama miguuni. "Nipe raba zako."

"Hazikutoshi."

"Nitavaa soksi mbili."

Mwalimu alikuwa amesimama pale anasikiliza. Ningemwambia nini? Nilizivua. Namba thelathini na tisa, na yeye alikuwa anavaa thelathini na sita. Alijaza karatasi za gazeti kwenye vidole, akavaa soksi zake na za rafiki yake, akafunga kamba kwa nguvu mpaka raba zikakunjana. Akapiga hatua tatu mbele ya mwalimu kumwonyesha.

"Haya, mstari," akasema mwalimu.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitegemea. Kwetu Akheri mtu akienda safari au mahali pa hatari, mkubwa wake humtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Wa mbali akisikia anaweza kudhani ni tusi. Ni baraka. Mama yangu alinifanyia hivyo mpaka siku ya harusi, mchungaji akiwa amesimama pembeni anatazama ukuta. Na mimi nilikuwa nawafanyia watoto wangu. Yule wa kwanza nilimfanyia pale kwenye gari, na mkate wake mkononi. Kwa hiyo sisemi kwamba mate yanazuia kifo. Sijui yanazuia nini. Lakini mtoto alikuwa amezoea.

Alitoka kwenye mstari akaja mbele yangu, akainamisha kichwa.

Nilifungua mdomo. Mdomo ulikuwa mkavu. Nilisogeza ulimi, nikatafuta kwenye mashavu, hakukuwa na kitu, kama nimekula jivu. Wenzake walikuwa wanasubiri. Nikafanya sauti ya kutema, tupu, na mkono wangu nikaupitisha kwenye paji lake. Alishika paji, akavitazama vidole vyake. Kisha akarudi kwenye mstari. Waliondoka askari mbele, mwalimu nyuma, na raba zangu zinapiga pa, pa, pa kwenye matope mpaka sikuzisikia tena.

Nilibaki na ndala. Mama wa Dukani alikuwa anaimba akiosha masufuria. Mimi nilipika chai ambayo hakuna aliyeinywa, nikafagia mahali ambapo ni nyasi tupu. Niliwaza mtoto wangu anateleza kwenye mawe ya maporomoko kwa sababu kiatu kimegeuka mguuni. Niliwaza nyati. Nilikuwa nimetaka asiende, na sasa amekwenda, tena kwa miguu ambayo mimi nimeiharibu. Angekuwa na viatu vyake, ningekuwa na hofu moja tu.

Saa saba Mama wa Dukani akasema watoto watarudi na njaa, tusonge ugali mapema. Kabla sijasimama alikuwa ameshafungua gunia na kuzamisha bakuli. Nilisikia bakuli likigonga.

Alichimba. Akautoa mfuko, akaufungua, akakitoa kiatu kimoja na kukipigapiga kwenye jiwe.

"Mama wa Sekei."

"Naam."

"Huyu fisi wenu wa Kimeru ana akili. Ameweka akiba."

Alitoa na cha pili. Kisha akanitazama vizuri, na utani ukamtoka usoni.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Kwa nini, jamani?"

Nilimweleza. Sikueleza sana, labda maneno ishirini: likizo, Akheri, homa, miaka saba. Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu ambaye hakuwepo msibani. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, viatu mapajani.

"Na huyu amekwenda na zako. Namba ngapi?"

"Thelathini na tisa."

"Mungu wangu." Alivifuta viatu unga kwa upindo wa kitenge chake, taratibu. "Utamwambia."

"Nitamwambia."

"Umwambie wewe. Mimi unaniona mdomo wangu. Nikilala nalo hili, asubuhi litakuwa limetoka lenyewe."

Saa nane ikapita. Tulifunika ugali. Saa tisa ukungu ulishuka tena, mlima ukapotea wote, na msitu ukasogea karibu. Mama wa Dukani alikuwa ameacha kuimba. Alisema watoto hawana haraka, watakuwa wanacheza kwenye maji. Baada ya muda akasema tena vilevile, nami nikajua naye ameanza, maana mwanawe alikuwa kulekule.

Kama saa kumi tukasikia mlio. Mmoja tu, kutoka juu, halafu ukarudi kutoka upande mwingine. Ndege waliruka. Mama wa Dukani alinishika mkono.

"Ni bunduki hiyo?"

"Ndiyo."

Sikumuaga. Nilianza kutembea. Nilivuka ile kamba tuliyokatazwa, nikashika njia waliyopita, ndala zinateleza, nyasi zinanikata kwenye vifundo. Nilifika kwenye kijito. Kwenye ukingo palikuwa na mavi ya nyati, mabichi, yanatoa mvuke. Nilipotaka kuvuka, ndala ya kulia ilinasa kwenye tope na kamba yake ikachomoka. Nilisimama pale na mguu mmoja, ndala mkononi, najaribu kuirudisha kamba kwenye tundu lake, haiingii. Nikamwita yule wa kwanza. Sikumwita aliyeko mlimani. Nilimwita yule wa kwanza kwa jina, kwa sauti, mara mbili. Nilikuwa sijalitamka miaka kumi.

Mlinzi wa geti la hifadhi, lililo karibu na kambi, alinikuta hapo. Alikuwa ametumwa na Mama wa Dukani.

"Mama, rudi. Nikuokoe wewe au wao?"

"Bunduki imelia."

"Imelia hewani. Wangekuwa na tatizo ingelia mara tatu. Ndiyo utaratibu wetu. Rudi."

Nilirudi, lakini sikuamini.

Walitokea saa kumi na moja na nusu. Kwanza wavulana wawili wanakimbia, kisha kundi, kisha askari. Mama wa Dukani alimdaka wake sikio, akalivuta, akamkumbatia. Mimi nilikuwa nahesabu wasichana na wangu hakuwemo. Alikuwa wa mwisho kabisa. Mwalimu alikuwa amembeba mgongoni, raba zangu zinaning'inia shingoni mwake kwa kamba, na miguu ya mtoto imefungwa leso mbili.

Mwalimu alimketisha juu ya ndoo. Alikuwa amechoka, anapumua kwa mdomo. "Malengelenge," akasema. "Yamepasuka yote. Tulimsubiri sana njiani. Tungeteremka kwa mwendo wa asubuhi tungeshapita kabla nyati hawajatoka kunywa maji. Tukakuta dume limesimama katikati ya njia, halitaki kuondoka. Ndipo afande akapiga hewani." Akamshika mtoto kichwa. "Hana kosa. Fisi ametuponza."

Mama wa Dukani alikuwa anakoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa. Hakuniangalia.

"Si fisi," nikasema.

Mwalimu hakuelewa. Nilikwenda nikavitoa viatu nyuma ya gunia, nikaviweka chini mbele ya binti yangu. Vilikuwa bado na unga kwenye matundu ya kamba.

"Nilivificha mimi. Sikutaka uende."

Mwalimu aliangalia raba zilizomchafua kifua, akazivua shingoni. Askari aligeuka akaenda zake. Nadhani aliona aibu kwa niaba yangu. Binti yangu aliviangalia viatu. Nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikamwosha miguu, naye akaniachia miguu kama vile si yake. Alikula kidogo. Alilala akiwa ameelekea upande wa pili.

Kesho yake wenzake walikwenda kwenye maziwa kuwaangalia flamingo, na Mama wa Dukani akaenda nao, akasema na yeye hajawahi kuwaona. Binti yangu hakuweza kuvaa kiatu chochote. Alibaki.

Basi nilipata nilichokitaka. Nilikuwa naye, hatua mbili kutoka mkononi, mzima, anaonekana. Ilikuwa siku ndefu kuliko ile ya jana. Nilipokwenda kwenye mafiga alitazama miti. Niliporudi alitazama mafiga. Mbega walikuwa wanaruka juu yetu na mikia yao myeupe, na nikamwonyesha, na akasema "Nimewaona." Nilikuwa nimeshampoteza mmoja kwa kumruhusu. Nikawaza, huyu nampoteza kwa kumzuia, tena amekaa hapahapa.

Karibu saa sita, ninachagua maharage, akasema bila kugeuka:

"Mama wa Dukani amesema nikuulize."

"Uniulize nini?"

"Hakusema nini. Alisema, muulize mama yako, atakujibu."

Nilichagua maharage mengine kama kumi. Kisha nikamwambia. Nilimwambia alikuwa na dada. Nilimwambia kuhusu gari la Akheri na mkate, na kwamba alikuwa na pengo la meno mawili mbele, na kwamba alimbeba yeye mgongoni kwa khanga yangu na kuzunguka nyumba akisema anakwenda sokoni kumuuza. Hapo alicheka kidogo, akajizuia.

"Aliitwa nani?"

Nikamwambia jina. Sitaliandika hapa. Alilirudia polepole, kama mtu anayejaribu kitu kama kinamtosha.

"Kwa hiyo wewe ukinitazama unamwona yeye."

"Hapana," nikasema, kisha nikafikiri, maana nilikuwa nimechoka kudanganya. "Wakati mwingine."

Akachukua sinia la maharage kutoka mapajani mwangu, akaanza kuchagua yeye. Alichagua vibaya, aliacha mawe. Sikumsahihisha.

Baadaye maji yaliisha. Bomba lilikuwa ng'ambo ya uwanja, hatua kama sitini, unaliona kutoka mafigani. Niliinama kuchukua ndoo, akaniwahi. Alivitumbukiza vidole kwenye viatu vyake vya kahawia, akakanyaga visigino bila kufunga kamba, unga ukamtoka pembeni.

"Miguu yako," nikasema.

"Ni bombani tu."

Lakini hakuondoka. Alisimama mbele yangu na ndoo, anatazama chini. Nilidhani anaangalia vile viatu. Kisha nikaona ameinamisha kichwa, ananisubiri.

Nilitema. Yalikuwepo, mengi, maana nilikuwa nimelia na nilikuwa nimekunywa chai ya tangawizi.

"Mama," akasema, anajifuta nyusi kwa kiwiko. "Jana hukutoa kitu. Leo umenimwagia."

Akaenda anachechemea, ndoo inagonga goti. Sikumfuata. Nilikaa na maharage, nikatoa yale mawe aliyoyaacha, na macho yangu yako bombani. Alirudi na ndoo nusu.